Siku Nilipomuua Babu kwa Patasi

Babu yangu alikufa vitani Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai.

Aliyemuua ni mimi.

Tulieni nieleze. Mimi ni fundi wa kuchonga mawe ya makaburi. Mji wetu ulitaka mnara wa mashujaa waliokufa vitani pale njia panda, na mgeni rasmi angeuzindua Ijumaa. Mwenyekiti akaniletea faili kuukuu.

"Fundi, majina thelathini na moja. Chonga, usiulize maswali."

Sikuuliza. Mhuri upo, mimi ni nani?

Jumanne Babu akaja karakana, nikampa kiti cha plastiki, tukawa tunakunywa chai. Akavaa miwani, akasoma jiwe taratibu. Kidole kikagota mstari wa tisa.

"Mjukuu wangu, huyu ni mimi."

Chai ikanipalia. Nyumbani tunamwita Babu tu. Majina yake ya kwenye karatasi nilikuwa siyajui, na naona haya kusema hivyo.

"Na huyu wa kumi juzi kanipigia simu," akaendelea. "Hawa si waliokufa. Hii ni orodha ya tuliopewa buti."

Nikafungua faili. Kweli bwana, pale juu, wino umefifia: *Stoo ya viatu.*

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Babu hakucheka.

"Kinyozi hayumo," akasema.

Kinyozi alikuwa rafiki yake, ndiye aliyewanyoa kikosini. Buti ziliisha kabla hajapata, akaenda vitani pekupeku, akafa. Babu alimzika kwa mikono yake. Lakini kwa kuwa hakusaini popote kupokea buti, wakubwa waliandika ametoroka. Dada yake bado yupo, mtaa wa pili tu, na hadi leo watu humwita dada wa mtoro.

"Kwenye foleni ya buti alikuwa mbele yangu," Babu akasema chini chini. "Nilimpita. Nitoe mimi, umweke yeye."

Tukaenda kwa mwenyekiti.

"Mzee, hotuba imeshachapwa," akasema. "Vumilia tu, kufa kwenyewe ni kwa jina. Na mtoro hakai na mashujaa. Fundi, ukigusa jiwe lile, kazi ya halmashauri utaisikia redioni."

Halmashauri ndiyo mteja wangu mkubwa. Nilikosa usingizi, sitaficha.

Alhamisi nikausaga mstari wa tisa, nikachonga jina la Kinyozi.

Ijumaa mgeni rasmi akasoma majina kwenye jiwe, mmoja mmoja. Marehemu wawili walikuwa mstari wa mbele wanapiga makofi. Alipofika wa tisa, mwenyekiti akageuka kunitazama kama anayenipima jeneza.

Bibi mmoja akainuka na mkongojo wake.

"Rudia hilo, mwanangu."

Mgeni rasmi akarudia.

Babu naye akasimama. "Dada, kakako hakutoroka. Buti zake nilivaa mimi. Nilimpita kwenye foleni."

Bibi akamgeukia.

"Hukumpita. Alikupisha. Mkeo alikuwa ametoka kujifungua. Alituandikia barua, iko kabatini kwangu."

Yule mtoto aliyekuwa amezaliwa ni baba yangu mzazi.

"Mbona hukuwahi kusema?" mwenyekiti akauliza.

"Nani alikuja kuniuliza?"

Babu alilia mbele ya watu, nami nililia. Kazi za halmashauri sijapata tena hadi leo, na sijuti.

Ila kinachoniuma ni hiki: miaka yote ile Babu alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite mlango wa yule bibi. Ndugu yangu, kama kuna mlango unaukwepa, nenda kapige hodi leo. Huenda mwenye nyumba alishakusamehe, anasubiri uulize tu.