Jina Lilibadilika, Ng'ombe Akabaki

Mimi ni mchinjaji, na nasema mapema ili mtu asije akashangaa lugha yangu. Bucha yangu iko Bomet, upande wa chini wa soko. Nyuma yake kuna chumba ambacho Jumapili alasiri, ibada zikiisha, hujaa watu wanaotaka kuandika hadithi. Mimi mwenyewe naandika. Hadithi zangu chache ziliwahi kutoka gazetini, na hiyo ilitosha kunifanya mwenyekiti.

Sheria yetu ni moja: anayesoma husoma amesimama, na akimaliza hafungui mdomo mpaka sote tumemkata. Tunakata kweli. Niliwahi kumliza mwalimu mzima kwa kumwambia kurasa zake za mwanzo ni mafuta matupu, awatupie mbwa. Nina hasira za karibu, hilo linajulikana soko zima, lakini hadithi mbovu huniudhi kama kisu butu. Kwa wale wanaokosa kikao, usomaji hurekodiwa kwa simu na kutumwa kwenye grupu letu la WhatsApp, pale pale ninapoweka habari zetu: shindano gani linakaribia kufungwa Kericho, nani amekubaliwa na mchapishaji, nani amefiwa.

Mwaka jana alisimama fundi wa cherehani, jirani yangu hapo sokoni, mwanamke mpole wa kuongea chinichini. Hadithi yake ilianza na mtu akimpiga mkewe kwa mpini wa jembe. Hakuna salamu, hakuna jua kuchomoza. Meno yakatoka, damu ikaingia kwenye unga, na mtoto amesimama mlangoni ameshika kikombe. Nilikaa wima.

Tulipomaliza kumkata alituambia wazi kwamba huyo mke ni dada yake. Ameolewa kule kwenye mashamba ya chai, na mumewe ni dereva wa lori la kubeba majani. Fundi alikuwa amemsihi aondoke mpaka akachoka. Dada alikuwa na jibu lile lile: ng'ombe nitamwachia nani? Ng'ombe huyo alipewa na marehemu mama yao, maziwa yake ndiyo yaliyowasomesha watoto, na mume alikuwa ameapa kwamba hakuna ukwato utakaotoka bomani mwake. Basi akabaki akipigwa, kwa ajili ya ng'ombe. Asiyefuga atacheka. Mimi sikucheka.

Tulijua mume akijitambua katika hadithi atamuua mkewe, ndiyo maana usomaji ule hatukuutuma. Kwa hiyo tulimpa fundi kila ushauri tuliokuwa nao. Badilisha majina. Badilisha kazi ya huyo bwana. Hamisha boma. Jumapili iliyofuata akarudi nayo: dereva amekuwa mwalimu wa Londiani, chai imekuwa viazi, mpini umekuwa mkanda, mabinti wamekuwa wavulana. Hata mimi niliridhika.

Ng'ombe peke yake ndiye hakuguswa. Mwekundu, baka jeupe kifuani, pembe ya kushoto imejikunja kuelekea jicho, na hatoi maziwa mpaka aimbiwe, tena wimbo wa mazishi. Tulipofika hapo kila mtu alitabasamu. Mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha chai alisema, "Hapo kwa ng'ombe usiguse kabisa, mama. Hapo umeandika." Sote tukaitikia. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyolelewa. Binadamu utampa jina lolote, lakini ng'ombe utamsimulia vile alivyo, rangi yake na pembe yake na alikozaliwa, la sivyo unaona umesema uongo. Katika chumba kizima hakuna aliyeona hatari. Usomaji ukarekodiwa, ukatumwa.

Sauti ilitoka kwenye grupu letu ikaingia kwenye lile la akina mama wa kanisa, ikaingia kwa mabinamu, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa ikisikilizwa kwenye foleni ya malori nje ya kiwanda. Nilisimuliwa baadaye kwamba madereva walikuwa wakicheka, mpaka ikafika kwa ng'ombe. Mmoja akamgeukia mwenzake, mume wa dada: "Ai, si hiyo ni ng'ombe ya kwenu?"

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeketi, msichana wa chuo anatusomea hadithi ya mapenzi, mlango ukapigwa teke. Yule bwana aliingia na gunia begani, linadondosha damu. Akalimimina mezani, juu ya karatasi zetu. Kichwa cha ng'ombe kikabingirika, ulimi nje, pembe ya kushoto ikaangusha kikombe cha chai.

"Si mlitaka stori?" akasema. "Haya, andikeni hiyo."

Nimechinja tangu nikiwa kijana, na naijua kazi ya mkono uliotulia. Shingo ile ilikuwa imekatwakatwa ovyo, mapigo mengine ya panga yameangukia shavuni, mengine jichoni. Mnyama yule alikufa akiona kila kitu. Damu ilinipanda kichwani. Fundi alipiga yowe akakiangukia kile kichwa, na yule bwana akamshika nywele akamvuta nyuma, mkono mwingine ukiingia ndani ya koti. Panga lilitoka likiwa bado na manyoya mekundu. Sikungoja. Nilichukua chuma cha kunolea visu nikampiga nacho kifundo cha mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikampiga kimoja cha uso akaenda chini. Nilipompiga tena hakuwa na nguvu ya kuinuka, lakini nilimpiga, na nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia. Wapakizi wa magari wa pale sokoni waliposikia yowe waliingia wakamfunga kamba, na kama polisi wangechelewa kidogo wangemmalizia hapo hapo sakafuni.

Fundi hakuinuka. Alikuwa ameshika ile pembe akirudia, "Nimemuua. Nimemuua mimi." Nilimwinamia nikamwambia ng'ombe ni ng'ombe tu, tutamtafutia dada yake ng'ombe mwingine. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mjinga.

"Kama hii imekufa," akasema, "dadangu ako wapi?"

Hasira yote ilinitoka. Nilikuwa na aproni bado, damu ya huyo bwana mikononi. Tulipanda bodaboda, fundi katikati, tukakata njia ya mashamba ya chai kwenda kwa dada yake. Mimi nilikuwa nikiwaza nitakachokikuta jikoni mwa yule mwanamke, na kwa kazi yangu nilikiona waziwazi mno.

Tulimkuta barabarani. Alikuwa anatembea pekupeku, watoto mbele yake, leso imemfunga mmoja mgongoni. Fundi aliruka kabla pikipiki haijasimama. Dada yake hakulia. Alizungumza akitazama lami.

"Alinitafuta jikoni kwanza," akasema. "Nilikuwa mtoni na watoto. Akaniita, akaniita tena, nikaziba huyu mdomo, nikalala kwa majani. Ndio akaenda kwa ng'ombe. Niliisikia ikilia. Inalia, na mimi niko pale. Nikajua nikitoka kuiokoa, ni mimi nitakatwa. Akishamaliza nikaona sina kitu nangoja huko tena."

Fundi alimkumbatia huku akiomba msamaha, na dada yake akamwambia anyamaze, watoto wana njaa. Siku hiyo walilala wote kwenye chumba cha fundi, kati ya nguo za watu ambazo hazijashonwa. Wako hapo mpaka leo. Dada hushona vifungo, na ukimgusa bega bila kumwonya huruka.

Hadithi ile fundi hajaimaliza, na mimi sijamuuliza. Bado tunakutana Jumapili, bado tunakata. Lakini mwandishi mpya akija kwangu na hadithi ya mtu kupigwa, kabla sijauliza mwanzo wake wala mwisho, namuuliza huyo aliyepigwa analala wapi. Akiniambia bado yuko kule, nafunika karatasi zake, nafunga bucha, na tunakwenda kumtoa kwanza.