Saba Yenye Mkanda

Kule Bertrams, Johannesburg, ukisema "Mwalimu" bila kutaja jina, Wakongo wote walijua unamsema nani. Ni Marcellin, mtu wa Uvira, miaka hamsini na miwili, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Kwao alifundisha hesabu shule ya msingi miaka kumi na tisa, kabla vita havijamtoa. Hapa, Jumatatu hadi Ijumaa, alilinda magari kwenye maegesho ya maduka huko Observatory, amevaa jaketi la manjano linalong'aa. Lakini Jumamosi alishika chaki kwenye gereji ya zamani nyuma ya kanisa, mbele ya watoto thelathini na mmoja, na hapo hakuna aliyelikumbuka jaketi. Hata mchungaji alimwita Mwalimu. Jina hilo ndilo lililomsaidia kusimama wima siku tano anazoambiwa, "Wewe mlinzi, angalia gari langu."

Sasa sikia yaliyomkuta mwaka 2017.

Alikuwepo dada mmoja, Orpha, msusi, miaka ishirini na minane. Bukavu alikuwa amefundisha mwaka mmoja tu, kisha akakimbia kama wengine. Marcellin mwenyewe ndiye aliyemwita pale gereji, miaka miwili kabla. Akatundika pazia katikati, akamwambia, "Wewe nishikie hawa wadogo upande ule, wasinipigie kelele." Akamfundisha kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Akamfundisha kumngoja mtoto mzito bila kumwonea huruma, maana mtoto akiona huruma anaacha kufikiri. Orpha alishika yote. Wakati huo Marcellin alifurahi, akijisifu kwa mkewe kwamba yule binti ana kichwa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, ndivyo Marcellin alivyokuja kusema baadaye. Lakini Orpha hakutia maji. Alitia data kwenye simu.

Kule saluni, akingoja rangi ikolee kichwani mwa mteja, aliingia Facebook kwenye kundi la walimu wa hesabu. Akiwa na swali aliuliza: mtoto wangu anachanganya kujumlisha na kuzidisha, nyinyi mnafanyaje? Kabla hajamaliza kusuka kichwa kimoja, majibu sita, kutoka Durban, Alexandra, hata Arusha. Jumamosi alijaribu lile lililompendeza, na Jumapili aliandika kundini kama lilifaulu au lilianguka. Kisha akaanza kurekodi video za dakika mbili, mkono wake tu na karatasi, akaziweka kundini na kuwatumia wazazi kwa WhatsApp. Mtoto aliyekosa kuelewa alirudia mwenyewe nyumbani.

Watoto wakaanza kuvuka pazia. Aprili Marcellin alibaki na kumi na tisa, Juni kumi na mmoja. Siku moja baada ya ibada Mama Glody alimjia na uso wa aibu. Mwanawe Glody alikuwa mwanafunzi wa Marcellin kwa miaka miwili, na sasa naye alivuka pazia.

"Usikasirike, Papa Marcellin," alisema. "Ni ile video Mwalimu alituma. Glody ameitazama mara tatu, akaelewa."

"Mwalimu yupi?"

"Mwalimu Orpha, basi."

Marcellin akasikia maneno mawili kwa pamoja. Yule amekuwa Mwalimu, na yeye amekuwa Papa Marcellin.

Tusifichane, mzee wa watu aliona wivu. Wala si ule wivu mdogo wa kumtania mtu kwa viatu vipya. Ni ule unaokaa kooni, ukimeza ugali unaukuta, ukimeza mate unaukuta. Akiwa kazini anahesabu magari huku akimhesabia Orpha vidole gumba vya watu waliopenda video yake, kama alivyosikia kwa wazazi. Mia na arobaini! Yeye, kwa miaka kumi na tisa ya Uvira, alikuwa amepata cheti kimoja na saa ya ukutani.

"Msusi," alimwambia mkewe Célestine wakati wa kula. "Mwaka mmoja wa kufundisha, leo anaitwa Mwalimu. Anacheza na simu mbele ya watoto."

"Si na wewe ucheze," Célestine alijibu bila kuinua macho kwenye sahani. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na bahati yako huyo ni msusi, atakunyoa vizuri."

"Mimi sifundishwi na simu."

"Basi usiniharibie chakula."

Lakini kijicho hakimwachi mtu. Karibu na robot, yaani taa za barabarani, mbele ya maegesho, palikuwa na Mtanzania mmoja, Shehe, aliyeuza vifuniko vya simu na chaja. Saa ya chakula Marcellin alimwendea, akakohoa kidogo, akamwomba amfungulie Facebook. Shehe akauliza atumie jina gani. Marcellin akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Andika Jeanne. Jeanne wa Uvira."

Shehe aliliandika. Mtu wa biashara haulizi sana. Akaweka picha ya ua jekundu, akapokea hela yake, akasema, "Karibu mjini, dada."

Kuanzia siku hiyo, kila saa ya chakula, Jeanne wa Uvira aliingia kwenye kundi la walimu kuchungulia. Alikuja kutafuta makosa ya Orpha. Alikuta kitu kingine, na hilo lilimuudhi zaidi. Mwalimu mmoja wa Alexandra aliandika kwamba watoto wake walikuwa wanaogopa sehemu, yaani nusu na robo, mpaka alipowaletea kota. Kota, yaani "quarter" ya Kiingereza, wanaijua wote, ni ile robo ya mkate wa boflo inayotobolewa ikajazwa chipsi na achari. Akawauliza, kwa nini inaitwa kota? Kota nne zinafanya nini? Mkate mzima. Basi mmeshajua sehemu tangu mlipoota meno.

Marcellin alicheka peke yake kati ya magari. Kisha akakumbuka amekuja kwa ubaya, akakunja uso. Jumamosi iliyofuata aliiiba ile kota yote, akaleta na mkate na kisu, na wale watoto wake kumi na mmoja walipiga kelele mpaka Orpha akachungulia penye pazia, akitabasamu. Marcellin alijifanya hamwoni. Alifundisha vizuri siku hiyo kuliko mwaka mzima, na hakumwambia mtu kaipata wapi.

Ungedhani hapo moyo ungepoa. Wapi.

Agosti, Orpha akaweka video ya kugawanya. Themanini na nne kwa saba. Mkono wake ukaandika saba kushoto, ukachora kama kijiti chenye paa, na ndani ya paa themanini na nne. Jibu akaliweka juu ya paa.

Marcellin aliitazama video, akahisi furaha mbaya ikimpanda kutoka miguuni. Juu chini! Msomaji, uelewe jambo hili. Kwetu Kongo, kama shule za Kifaransa zinavyofundisha, namba kubwa inayogawanywa inakaa kushoto, unapiga mstari wa kusimama, namba inayogawa inakaa kulia, na jibu linawekwa chini yake. Marcellin alijua njia hiyo tu. Madaftari ya shule za hapa hakuwahi kuyafungua. Watoto wake wakirudi na sifuri za kugawanya, alisema walimu wa Afrika Kusini hawajui kazi, yakaisha. Sasa akaona Orpha ameweka saba mbele, akasoma kama alivyozoea: saba gawanya kwa themanini na nne. Hata mtoto wa darasa la tatu Uvira angecheka.

Akachukua kipande cha karatasi, akakiweka juu ya boneti ya gari la mtu, akaandika hesabu ile vizuri. Themanini na nne kushoto, saba kulia, kumi na mbili chini. Saba yake akaipiga mkanda kiunoni kama siku zote, na mkanda ukapinda mwishoni kama mkia wa panya. Uvira wanafunzi waliuiga mkia huo hadi kwenye mitihani. Akapiga picha, akaiweka chini ya video, na Jeanne akaandika: "Jamani, angalieni. Hivi ndivyo kugawanya. Huyu dada si mwalimu, ni msusi."

Akaituma. Saa nzima aliwaelekeza madereva vibaya.

Alipofungua tena simu, wa kwanza kujibu alikuwa Tumu, mwalimu wa Durban, kwa upole tu. "Dada Jeanne, zote mbili ni sawa. Yako ni ya shule za Kifaransa, yake ni ya hapa. Mtoto wa kwenu anayesoma hapa ndiye anayepata taabu katikati."

Chini yake ilikuwa Orpha.

"Dada Jeanne, asante kwa picha. Njia hiyo ni nzuri, nami nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini Glody, mwanafunzi wetu, alipata sifuri sita shuleni. Aliandika namba kubwa kushoto kama kwetu, akachora paa kama la hapa. Mwalimu wake wa shule akasoma kinyume. Glody hana kosa, na aliyemfundisha hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba njia ziko mbili. Mimi mwenyewe nilijua baada ya kuuliza hapa kundini. Na kweli, dada, mimi ni msusi. Mwalimu aliyenifundisha kufundisha analinda magari. Sijasikia mtu hata mmoja akisema yeye si mwalimu."

Marcellin alisoma mara moja, akakaa kwenye ukingo wa saruji wa maegesho. Mtu alipiga honi, hakuinuka. Sifuri sita. Alikumbuka siku Glody alipomletea daftari na yeye akalirudisha bila kulifungua, akisema, waambie walimu wako wakajifunze. Miaka miwili mtoto alikuwa akipigwa sifuri kwa mkono wake, na yeye akilinda jina.

Wivu haukufa hapo, nisikudanganye. Uliongezewa aibu tu, vikakaa pamoja kooni. Usiku ule na ule uliofuata hakumwambia Célestine kitu. Célestine aliona sahani inarudi na chakula, akanyamaza kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Jumamosi Marcellin alifika mapema kuliko wote. Orpha alipoingia alimkuta juu ya kiti, anang'oa misumari ya pazia. Alishika upande wa pili, wakalishusha, wakalikunja. Watoto walipokuja walikuta chumba kimoja, wakasimama mlangoni hawajui wakae upande gani. Mama Glody, aliyemleta mwanawe, alisimama nao.

Marcellin akaenda ubaoni. Akaandika themanini na nne kwa saba kwa njia ya Uvira, saba na mkanda wake, mkia na yote. Kisha akasimama mbele ya nusu ya ubao iliyobaki tupu. Ile ya paa alikuwa ameifanyia mazoezi siku tatu, angeweza kuiandika amefumba macho. Hakuiandika.

"Glody," alisema, "zile sifuri sita zilikuwa zangu. Leo tutazifuta."

Mtoto akaangalia chini. Mama yake akaangalia ukuta.

Kisha Marcellin akageuka. Miaka miwili alikuwa akimwita yule binti "wewe", au "Orpha", au siku nzuri "mwanangu". Neno lililotakiwa lilikuwa lake, alitembea nalo toka Uvira, na kulitoa kulimuuma kama kung'olewa jino bila ganzi.

"Mwalimu," alisema, akamnyooshea chaki. "Njoo uwaonyeshe njia ya hapa."

Watoto waligeuka huku na huku kutafuta anayeitwa. Orpha alikuja taratibu mbele yao wote. Akaitazama ile saba ubaoni, mkanda wake na mkia wake, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitaji hesabu. Alipopokea chaki alimwinamia kwa adabu, kama binti kwa baba yake, na akasema kwa sauti ya chini ambayo Marcellin peke yake aliisikia:

"Asante, dada Jeanne."