Nimekula kuku wa utani, sasa wakwe wananidai bango

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa sekondari hapa Masasi. Ni Myao, nimeolewa na Mmakonde wa Newala, tuna watoto wawili. Mume wangu hanipigi, hanywi, na sijasikia ana mchepuko. Kinachonitesa mkikisoma mtacheka. Chekeni tu, mimi nimechoka hata kununa.

Nikitoka kazini huwa najitolea kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo watoto wenu wanakopia kazi za shule kila siku. Hatulipwi hata vocha. Sheria zinazotusumbua zaidi ni mbili: ukiandika jambo onyesha limechapishwa wapi, na usiandike habari za ndugu yako, maana kila mtu kwao ni shujaa. Mume wangu alikuwa ananicheka, "Kazi ya bure, masharti kama ya mganga!"

Baba mkwe alifariki mwaka juzi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayeishi Newala, akaandika makala kumhusu: kwamba ndiye aliyejenga shule ya msingi ya kijiji chao, peke yake, kwa jasho lake. Picha ya suti akaweka. Chanzo hakuna. Mhariri mwenzangu mmoja, ambaye hata sura simjui, akaniuliza mbele ya wote kwenye ukurasa wa majadiliano, "Dada, wewe si mtu wa huko? Unawafahamu hawa?" Ningesema nini jamani? Nikajibu kwamba marehemu ni baba mkwe wangu na aliyeandika ni mwanawe. Nikabandika mwenyewe bango juu ya makala: haina vyanzo, imeandikwa na ndugu, inapendekezwa kufutwa. Kisha nikakaa pembeni, maana na mimi ni ndugu.

Nilisubiri matusi. Wapi! Newala walicheka. Shemeji akanipigia, "Wayao nyie! Hata mtandaoni mnalala kaburini?"

Kwa asiyejua, sisi Wayao na wao Wamakonde ni watani. Kwenye misiba yetu mtani anaweza kushuka kwenye kaburi lililochimbwa, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Akishapewa anatoka, watu wanazika. Basi siku chache baadaye konda wa basi la Newala akanikabidhi jogoo amefungwa miguu, "Umetumiwa na shemeji yako." Nikajua kawakumbuka watoto. Nikachinja, tukala na wali, watoto wakagombea firigisi.

Kesho yake simu. "Shemeji, mbona bango bado lipo?"

"Lipo, si linasubiri uamuzi wa wahariri?"

"Uamuzi gani tena? Kuku umeshakula. Toka kaburini tuzike!"

Nikamweleza kwamba lile si utani, mimi sina ruhusa ya kulitoa, na sasa nimeharibu zaidi, kwa sababu mhariri akipokea kitu kwa ajili ya makala lazima atangaze. Na kwa uaminifu wangu wa kijinga nikatangaza: "Nimepokea jogoo mmoja kutoka kwa mwandishi, nikamla bila kujua." Wahariri walicheka mpaka basi. Shemeji aliposoma hakucheka. Alisema mtani akila halafu akabaki kaburini, huyo si mtani, ni adui. Mume wangu naye siku hizi ananijibu "eeh" na "hapana". Chakula changu anakula kama yuko hotelini, akimaliza anaondoka.

Lakini anayeniumiza ni mama mkwe. Macho yake hayaoni vizuri, kila Jumapili akitoka kanisani lazima asomewe ile makala. Majuzi nilipanda Newala kutafuta ushahidi. Shuleni karatasi za zamani zimeliwa na mchwa, kanisani hakuna hata mstari. Nikaenda kumsalimia, nikamkuta jikoni anachambua kisamvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Fulani. Umepata?" (Jina la mwanangu nalificha.)

"Sijapata, mama. Hivi ile shule baba aliijenga mwenyewe kweli?"

Akacheka kidogo. "Baba yenu alikuwa anaita majina ya wa zamu tu. Maji ya kufyatulia matofali tuliteka sisi wanawake, kule bondeni, tunapanda nayo mlima kichwani. Mimi nilikuwa na mimba ya mumeo."

Makala si ya kweli, na mwenye ukweli ninaye mbele yangu, lakini hajachapishwa popote, na juu ya hapo ni mkwe wangu.

"Basi mama, ile makala imekosea."

"Najua," akasema, mikono iko kwenye kisamvu. "Mimi nasubirigi pale mwishoni tu."

Mwishoni kuna mstari mmoja: alimwoa fulani, wakajaliwa watoto sita. Jina lake, tena limekosewa herufi moja. Ukiacha kitambulisho, sijui kama mama yule ameandikwa mahali pengine.

Akaniuliza, "Wakifuta, na mimi natoka?"

Nilisingizia moshi, nikatoka nje nikalia.

Uamuzi ni mwisho wa mwezi huu, na kwa jinsi ninavyoijua kazi yetu, itafutwa. Sheria ile siichukii, naielewa. Bila hiyo kila ukoo ungekuwa na mfalme wake. Wahariri wananiambia nisiguse. Shemeji anasema nimrudishie jogoo wake na ndugu yake. Mume wangu hasemi kitu, na hicho ndicho kinachonichosha zaidi.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nipeni mawazo, kwangu yamekwisha. Jogoo nitamlipa. Mume nitamsubiri. Ila Jumapili mama atampa mtu simu, atauliza kama jina lake bado lipo. Siku watakapomwambia halipo, mimi nimjibu nini?