Aliuliza Habari za Mke wa Redioni

Kofi la kwenye redio lilikuwa na sauti moja tu miaka yote. Paa! Halafu mwanamke analia kwa mafungu, kama mtu anayepiga chafya. Sisi tuliokuwa tunabangua korosho nyuma ya nyumba yangu, hapa Makote, tulibishana sana wanalitengenezaje kofi lile. Jirani yangu akasema wanapiga kipande cha nyama mbichi.

"Nyama?" nikamwambia. "Watu wenye nyama waipige badala ya kuila?"

Tukacheka mpaka mmoja wetu akajigonga kidole. Naanza na kicheko hicho kwa sababu ndicho kinachonitia kichefuchefu kuliko yote nitakayoyasema.

Igizo lenyewe lilianza kitindamimba wangu akiwa ananyonya. Sasa ana watoto wawili. Lilikuwa Jumatano alasiri, na marudio Jumamosi asubuhi, na hakuna aliyelikosa. Mume alikuwa muuza mabati, mke mshonaji. Mtoto wao alikaa na miaka mitatu kwa misimu sita ya korosho, hakui, wala hatukumshangaa. Mume akilewa anampiga mke. Watunzi walimfanya kituko: anakosea mlango, anamwamkia mbuzi shikamoo, anaimba, kisha anaingia ndani, paa! Ulikuwa unacheka huku unalisubiri kofi. Kofi likichelewa, watu wanauliza, "Leo vipi, hajanywa?"

Na sisi tulikuwa mahakimu. Mke akijibu neno, tulisema kachokoza. Akinyamaza, tulisema ana kiburi. Chakula kikichelewa, ndiyo kabisa. Mimi nilikuwa hakimu mkali kuliko wote, maana wenzangu walikuwa wakimaliza kusema wananigeukia mimi wasikie neno la mwisho. Mimi ni kungwi. Nimewafunda wasichana wa hapa, na wa Mnyambe, na mpaka Chilangala nimeitwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye unyago hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, bila hilo hamtanielewa. Tunamfundisha mwali kwamba hataji ya nyumba yake. Likimchoma jambo ndani, asiende kusema mume wangu hivi, mume wangu vile. Alipeleke kwa mkubwa wake kwa jina la mwingine: aseme kuna mwanamke fulani, kuna jirani yangu wa zamani. Mkubwa ataelewa, atamjibu kana kwamba anazungumzia huyo mwingine, na yeye atasema ahsante, yameisha. Aibu haikutoka nje na dawa imepatikana. Mimi nilifundishwa hivyo na nikafundisha hivyo. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alifundishwa hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mjukuu huyo aliolewa Masasi na fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mwaka juzi, korosho zilipoanza kuanguka, alipanda kuja kutusaidia kubangua. Nilifurahi, maana ana mkono mwepesi. Kubangua kwetu si kazi ya kukaa umependeza. Unakaanga korosho kwenye bati lenye matundu, mafuta yake yanawaka moto juu kwa juu, moshi unakwaruza koo. Zikishapoa unazigonga moja moja kwa kirungu, vidole umevipaka majivu, maana yale mafuta yakikupata yanababua, ngozi inakuwa nyeusi kisha inabanduka. Hakuna mwanamke wa huku asiye na madoa yake.

Jumatano moja mume wa redioni alimpiga mke kwa mkanda. Hapakuwa na mbuzi wa kuamkiwa. Nadhani watunzi walishatumwa waonyeshe kwamba jambo ni baya, basi wakaliongezea muziki wa huzuni. Sisi tuliendelea na uhakimu wetu. Jirani akasema, "Mkanda umezidi." Mwingine akasema, "Na yeye mdomo wake umezidi." Mjukuu wangu alikuwa anagonga korosho, hakucheka. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Bibi, yule mke wa redioni, kama angekuja kwako, ungemwambiaje?"

Sikumtazama hata usoni. Nikajibu kama mtu anayetema ganda. "Ningemwambia arudi kwake. Apike mapema, afunge mdomo, amchunge mume wake akiwa amekunywa. Wenzake wamevumilia makubwa zaidi, wana wajukuu sasa."

Wenzangu wakaitikia, "Kweli kabisa!"

Mjukuu wangu akaweka kirungu chini. "Ahsante, bibi," akasema. Akafuta mikono.

Nani duniani anamshukuru mtu kwa habari za redioni? Kungwi mzima, mwenye jina mpaka Chilangala, nimekaa na mwali wangu, ananiuliza vilevile nilivyomfundisha kuuliza, ananishukuru vilevile nilivyomfundisha kushukuru, na mimi nasikiliza kama radi imenipiga masikio. Kesho yake asubuhi alisema anarudi Masasi. Nikamfungia korosho kilo mbili na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini. Nikamwambia amsalimie mume wake. Hayo nayo niliyasema.

Zilipita wiki tatu. Akarudi saa nne asubuhi, na begi moja, amejifunga kanga mpaka kwenye viganja, na jua lile. Mama yake alimpokea, mimi nikamwita ndani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mkono una nini?"

"Mafuta ya korosho, bibi."

Nikaivuta kanga. Mimi nimebangua korosho tangu sijaota matiti. Mafuta ya korosho yanaruka matone, hapa tone, pale tone. Hayapigi mstari ulionyooka kama wa rula kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja. Ile ilikuwa alama ya chuma cha moto. Ilikuwa imetunga usaha na ilikuwa inanuka. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo, mwanamke niliyewaosha maiti wa kijiji kizima bila kugeuza uso.

Niliporudi nikamuuliza, "Ulipoondoka hapa ile siku, ulikuwa unaniuliza ya nani?"

Akatazama chini. "Ya yule mama wa redioni," akasema. Aliheshimu mafundisho yangu mpaka hapo.

Binti yangu alimpeleka Newala siku ileile, polisi kwanza kuchukua fomu, halafu hospitali wakamsafisha kidonda. Lakini kwetu ndoa haiishii kwenye fomu. Mtoto ni wa upande wa mama, na wanaosema arudi au asirudi ni wajomba. Na msemaji wa wajomba ni kaka yangu, mzee wa kanisa, mtu mzuri ambaye hapendi makelele. Nilijua atamrudisha. Amewarudisha wengi, na wengine nilimsaidia mimi.

Kabla ya siku ya kikao na wakwe, igizo nalo likatoa lake. Muuza mabati alianguka na pikipiki, akalazwa, akaota ndoto. Alipoamka akalia, akamwomba mke msamaha, mke akasema nimekusamehe baba, watu wakaimba. Miaka yote ile ya makofi, na toba yake ilimalizika kabla ugali haujaiva. Jirani yangu alifuta machozi. Mimi niliizima redio nikaifunga kwenye gunia, akaniuliza imekufa? Nikamwambia inanuka.

Wakwe walikuja Jumapili baada ya ibada. Mume, mjomba wake, na kaka yake mkubwa. Wanaume wakakaa kwenye viti barazani, sisi wanawake kwenye mikeka nyuma yao, mimi na kungwi mwenzangu, binti yangu, na mjukuu. Mume alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Akaja mbele yangu, akainama.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. Tangu nizaliwe sijamnyima mtu marahaba, hata mwizi wa kuku. Kaka yangu aligeuka akanitazama, nikamtazama na yeye.

Mjomba wa mume akaanza. "Tumekuja kuomba radhi na kumchukua mwenzetu. Ndugu zangu, vikombe kabatini havikosi kugongana."

"Ni kikombe gani kinachomchoma mwenzake?" nikasema.

"Dada," kaka yangu akasema, "subiri zamu."

Yule kaka wa mume, mchangamfu, akataka kupoza. "Hata muuza mabati wa redioni juzi kasamehewa," akasema, "na yule alikuwa mbaya kuliko huyu wetu!"

Wakacheka wote. Kaka yangu naye akacheka, kidogo, kwa heshima ya wageni. Mume akacheka akiangalia viatu vyake. Nilikiangalia kile kicheko kikipita barazani kutoka kiti hadi kiti, nikakitambua. Kilikuwa chetu, cha nyuma ya nyumba yangu, sasa kimevaa suruali.

Kaka yangu akamgeukia mjukuu. "Mama, umewasikia. Umesamehe? Una la kusema?"

Mjukuu wangu aliivuta kanga kufunika kitambaa cha mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Babu, nilitaka kuuliza tu. Yule mke wa redioni, watu walipomaliza kuimba wakaenda kwao, yeye alibaki na nani?"

"Sasa redio imeingiaje hapa?" kaka yangu akauliza.

Mume akatabasamu. "Mzee, huyu anapenda redio kupita kiasi. Betri haziishi kununuliwa."

Wakacheka tena. Mjukuu wangu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Aliuliza mara ya pili, mbele ya wakubwa wake wote, kwa njia ileile, maana ndiyo njia pekee niliyompa. Kama nisingejibu sawa, angesema ahsante, angechukua begi.

Nikasimama. Kungwi mwenzangu akanivuta kanga. "Dada, kaa. Kuna wanaume."

"Nawaona," nikamwambia.

Nikasema, "Kaka, huyu haulizi redio. Kwetu sisi tunawafunda hivi." Nikayatoa. Nikaeleza mbele ya wanaume, wa kwetu na wa watu wengine, jinsi tunavyomfundisha mwali kuficha nyumba yake chini ya jina la mwingine, na jinsi mkubwa anavyopaswa kusikia, na jinsi anavyoshukuriwa. Nikasema kabla ya kuchomwa aliniuliza, na mimi nikamrudisha. "Mkono ule aliuchoma huyu," nikasema, "lakini nauli ya maneno nilimpa mimi."

Hakuna aliyecheka. Kungwi mwenzangu alikuwa amejifunika uso na kanga.

Mjomba wa mume akajaribu. "Mama, moto wa karakana ni ajali…"

"Mjukuu wangu, funua," nikasema.

Mjukuu akafungua kitambaa cha hospitali mwenyewe. Akaunyoosha mkono kwa kaka yangu, kisha kwa yule mjomba, kisha akaupeleka mpaka chini ya macho ya mumewe, akauacha pale. Mume akageuza uso upande. Kaka yake yule mchangamfu akasema taratibu, "Mungu wangu, si uliniambia ni korosho?"

Kaka yangu alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Akasema, "Mtoto harudi. Yaliyoko polisi yaendelee huko huko. Nendeni salama." Halafu, wageni hawajafika hata njiani, akanigeukia. "Na wewe dada umetoa ya unyago mbele ya wanaume. Unajua."

"Najua."

"Jogoo."

"Nitatoa."

Ndiyo faini yake, na huliwa na makungwi wenyewe nyumbani kwa mkosaji. Walikuja siku ya tatu, watano, wakakaa bila kunisemesha. Mmoja tu ndiye aliyesema: likizo ijayo, watoto wakichezwa unyago, nisisubiri kuitwa. Nikaitikia haya. Sitasema haikuniuma. Kazi ile nimeifanya zaidi ya nusu ya maisha yangu, na ninajua mengine mengi tunayowafundisha ni mema. Lakini nilipowaangalia wamekaa pale wameninunia, nikajiuliza kati yao ni nani aliyewahi kuulizwa habari za redioni na mwali wake, akajibu kama nilivyojibu mimi, na bado hajajua.

Nilimchinja jogoo mwenyewe. Mjukuu wangu alileta maji ya moto jikoni, tukakaa tukimnyonyoa, yeye kwa mkono mmoja, ule mzima. Manyoya yalikuwa yananata kila mahali. Sikumuuliza kitu. Nilishaona maswali yangu na majibu yangu yamefanya nini.

Akasema, "Mara ya kwanza mume wangu aliponipiga tulikuwa na wiki mbili tu za ndoa. Nilikuwa nimepika samaki."

Nikaendelea kunyonyoa.

"Alisema nimemwaibisha mbele ya rafiki zake, samaki ana miiba. Sasa mimi ningemtoa wapi samaki asiye na miiba, bibi?"

"Hayupo," nikasema.

"Hayupo," akasema. Akacheka kidogo, akafuta pua kwa bega. Akaanza kunieleza ya mara ya pili. Barazani makungwi waliita kuuliza jogoo anaiva lini. Nikawajibu wasubiri, nikamsogezea kigoda akae vizuri.