Abiria Asiyestahili

Kwa miaka kumi na minane mjomba wangu aliegesha teksi yake kwenye lango la hoteli moja kubwa. Katika muda huo hoteli ilibadilisha mameneja wanane, ikang'oa bustani ya mbele na kuweka maegesho, ikanunua milango inayojifungua yenyewe. Yeye hakubadilika ila goti. Goti la kulia lilianza kumsumbua mwaka wa kumi, na kufikia huu wa kumi na nane lilikuwa limemkataza kabisa kazi ya kuzunguka mitaani kutafuta abiria: breki kila hatua kumi, kushuka, kubeba mizigo, kupanda tena. Pale langoni unakaa kwenye foleni, unasogea, zamu yako ikifika mlinzi anakuita. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kile kibali cha plastiki cha kuegesha langoni, kilichoning'inia kwenye kioo chake, kilikuwa kadi tu, mwambie hajui anachosema. Bila kile kibali mjomba hakuwa na kazi anayoiweza.

Wenzake walimwita Kitambaa. Hata umkute anakula kwa mkono wa kulia, wa kushoto unafuta kitu: kitasa, dashibodi, kioo cha pembeni. Tabia hiyo aliitoa kwenye karakana ya serikali, alikoingia kijana wa miaka kumi na saba akapewa kazi moja tu, magari ya wakubwa. Kila gari lilikuwa na mlingoti mfupi unaong'aa mbele, kwenye kona ya boneti. Alikuwa akiung'arisha ule mlingoti mpaka ajione pua. Na alifundishwa kanuni, kwa kupigiwa kelele, kama mafundi wa zamani walivyofundisha: mkubwa akiwa ndani, bendera inapepea, akishuka, inavishwa ala ya ngozi na kufungwa.

"Bendera haipepei kwa ajili ya gari, we mtoto," msimamizi wake alimwambia. "Inapepea kwa ajili ya mtu aliyemo."

Karakana ilifungwa, vijana wakapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Kanuni ile mjomba aliondoka nayo.

Sasa njoo kwenye mashindano ya soka ya mwaka huu. Wiki ya kwanza timu yetu ya taifa hakuna aliyeitarajia kufika popote. Bendera ulikuwa unaziona kwenye teksi, kwenye bajaji, kwenye pikapu za wauza mboga, zile bendera nyepesi za kubana kwenye kioo cha dirisha. Wenye magari makubwa walicheka. Kwao ule ulikuwa ushamba. Mhadhiri wangu mmoja alisema mbele ya darasa zima kwamba unaweza kukisia bei ya gari kwa kuhesabu bendera zake: zikizidi mbili, ujue gari halina hata kiyoyozi. Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, mpwa wa dereva wa teksi, nilicheka kwa sauti.

Halafu timu ikashinda. Ikashinda tena. Ikaingia robo fainali, na asubuhi moja yale magari makubwa nayo yakaamka na bendera, nne, tano, sita kila moja, na ghafla haukuwa ushamba tena. Ukawa uzalendo. Kitambaa ni kilekile, rangi ni zilezile, kijiti ni kilekile cha plastiki. Kilichobadilika ni gari lililo chini yake.

Mjomba hakuzipenda zile za dirishani. "Bendera gani hiyo, kama mtu aliyebanwa na mlango?" alisema. Akaenda kwa fundi wa bodi, akafungiwa kwa nati kimlingoti cha chuma mahali palipokuwa na antena iliyovunjika, mbele kabisa kwenye kona ya boneti. Mkewe akashona bendera ya kitambaa kizito, pindo mara mbili. Ala akaikata mwenyewe kutoka kwenye mkoba mkuukuu wa ngozi.

Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Alifuata kanuni. Gari likiwa tupu, bendera ilivaa ala. Abiria akipanda, mjomba alishuka na goti lake, akaivua ala, akaikunjua bendera kwa vidole viwili, akarudi kwenye usukani. Abiria yeyote. Mwanafunzi, mgonjwa, mtu na kuku wake.

"Mzee, mimi si waziri," abiria mmoja alimwambia nikiwa nimo garini.

"Umepanda?"

"Nimepanda."

"Basi tulia."

Na yule mtu akatulia. Nilimwona akifunga kifungo cha shingo.

Jumamosi, siku moja baada ya timu kushinda robo fainali, mjomba alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimekaa naye, tukingoja zamu. Mlango wa wafanyakazi, pembeni mwa hoteli, ukafunguka, akatoka Mama Mvuke. Huyu ni mwanamke anayefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ile, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa miaka ishirini na miwili. Siku hiyo mguu ulikuwa umevimba mpaka kiatu kimekataa. Amekishika mkononi.

"Dada, panda," mjomba akamwita.

"Niache, Kitambaa. Mimi na teksi wapi na wapi?"

"Panda bwana, utazeekea kwenye ngazi."

Akapanda, kiti cha nyuma. Mjomba akashuka, akaanza kuivua ala. Kando ya foleni likaja gari jeusi, kubwa kama chumba, likakwama kwa kuwa mjomba amesimama njiani. Lilikuwa na bendera madirishani pande zote, na nyingine imetandazwa juu ya boneti kama kitambaa cha meza, imelowa maji ya kuoshea kioo. Likapiga honi. Likapiga tena, honi ndefu isiyo na adabu. Mwenyewe tulimfahamu: mfanyabiashara aliyekodi chumba na ukumbi wa hoteli ili yeye na rafiki zake watazame mechi. Madereva walimwita Mdhamini. Akateremsha kioo.

"We mzee! Hiyo bendera unamfunulia nani?"

"Abiria wangu, bosi. Nusu dakika tu."

"Abiria yupi?" Akachungulia. "Huyo? Si ndiye anayefua mashuka hapa?"

"Ndiye," Mama Mvuke akajibu kupitia dirishani, "na ya chumba chako nimeyafua leo. Divai haitoki, baba, punguza."

Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba hakucheka. Alimaliza kuikunjua bendera, akaingia, tukaondoka polepole, Mama Mvuke amekaa wima huko nyuma, kiatu mapajani.

Jumatatu mjomba akaitwa ofisini. Akaniomba niingie naye, maana miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Meneja mpya alikuwa kijana wa rika langu, ana shati jeupe na kijibendera kidogo cha chuma kifuani. Alitukaribisha vizuri. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, alitukaribisha vizuri sana.

"Mzee wangu, keti. Goti linaendeleaje?"

"Lipo."

"Tatizo dogo tu. Ule mlingoti. Unajua kwamba bendera ya mbele ni ya viongozi?"

"Najua kuliko wewe, mwanangu. Milingoti yao niliing'arisha miaka sita."

"Basi tunaelewana. Unaondoa mlingoti, unasaini hapa, kibali unabaki nacho, yamekwisha."

"Mlingoti nimekosa," mjomba akasema. "Nilijua nakosa. Nitautoa sasa hivi." Na kweli alitoka. Kupitia dirisha la ofisi tulimwona amepiga goti lile bovu kwenye saruji, anafungua nati kwa spana. Akarudi na mlingoti mkononi, bendera imekunjwa kwapani. "Haya. Kuna lingine?"

"Saini tu."

"Nisomee, mjomba," akaniambia. Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba.

Nikasoma. Kipengele cha kwanza kilihusu mlingoti. Cha pili kilisema hatarudia. Cha tatu kilisema hivi: *Ninakiri kwamba niliidhalilisha bendera ya taifa kwa kuipeperusha mbele ya wageni wa hoteli nikiwa nimebeba abiria asiyestahili.*

"Rudia hicho."

Nikarudia. Mjomba akamgeukia meneja.

"Hicho cha mwisho kifute."

"Mzee, ni karatasi tu. Hakuna atakayeisoma."

"Kama hakuna atakayeisoma, kifute."

"Mgeni wetu wa ukumbini ndiye aliyetaka kiwemo. Ameshaiona rasimu."

Hapo sikuweza tena. "Gari la huyo mgeni lina bendera ngapi?" nikauliza. "Ile aliyoitandika kwenye boneti akaimwagia maji machafu, yeye amesaini wapi?"

"Wale ni washabiki, ndugu yangu. Wanashangilia."

"Na sisi tunafanya nini? Tunaomboleza?"

"Nyamaza, mjomba," mjomba akaniambia, bila ukali. Kisha akamwambia meneja kwamba anatoka kidogo.

Nje madereva walikuwa wamekwishajua. Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimwi, alimkamata mjomba mkono. "Kitambaa, saini! Maneno hayatoboi tairi. Mimi nimesaini mangapi? Nimesaini hata kwamba sitasinzia!"

"Wewe ungesaini kwamba Mama Mvuke hastahili?"

"Mama Mvuke atajua wapi? Yeye yuko chini huko na mapasi yake!"

"Mimi nitajua."

"Na goti? Goti litakula kujua?"

Mjomba alisimama pale. Sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa jiwe. Aliangalia foleni, teksi sita zimejipanga, yake mbele. Aliufuta ule mlingoti kwa kitambaa, juu chini, juu chini. Kisha akaingia garini, akakitungua kibali kutoka kwenye kioo, akakipeleka ndani na kukiweka juu ya meza ya meneja. Akatoka, akawasha gari. Foleni ikasogea nafasi moja. Hakuna dereva aliyezima injini.

Nimesoma chuoni neno usawa kwa miaka mitatu. Nimeliandikia insha nikapata alama nzuri. Sikuwahi kuambiwa kwamba kuna watu wenye shati jeupe watakaokaa mezani, kwa upole, wakiamua nani anafaa kuwa nyuma ya bendera yake mwenyewe, halafu wakuombe wewe uwasainie uamuzi huo ili wao wabaki safi. Na huyo Mdhamini, aliyesema wiki mbili kabla, pale pale langoni, kwamba gari lenye bendera linamkumbusha mkokoteni wa miwa! Kila alichokicheka alikichukua, kisha akatufukuza nacho.

Siku mbili zilizofuata mjomba alizunguka mitaani. Jumanne alipata abiria watatu, na jioni goti lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Mkewe alilikanda kwa maji ya moto, akikamua kitambaa kwa hasira kama anamnyonga mtu.

Jumatano alasiri tukasikia hodi, na kabla ya mtu kuitikia Mama Mvuke akawa yumo ndani.

"Nani alikutuma?" akamwambia mjomba. Hakuketi. "Nani alikuomba unipiganie? Leo chini kule wananiangalia kama nimeua mtu. Kitambaa kafukuzwa kwa ajili yako, Kitambaa kafukuzwa kwa ajili yako!"

"Sikufukuzwa, dada. Nimetoka."

"Ungesaini! Mimi ni mfua mashuka. Hilo si tusi, ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Wameandika nafua mashuka, kwani uongo?"

"Hawakuandika mfua mashuka," mjomba akasema. "Wangeandika hivyo ningesaini mara mbili. Msomee, mjomba."

Nakala ya ile karatasi niliondoka nayo ofisini. Nikasoma vipengele vyote vitatu. Mama Mvuke akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Hapo mwisho. Tena."

Nikasoma tena.

"Asiyestahili," akasema. Akavuta kiti, akaketi. Mke wa mjomba akamletea maji, hakuyanywa. Akayaweka chini, akauliza, "Na wale wengine?"

Mjomba akanitazama nisiseme. Nikasema. "Wamesaini wote. Jana meneja aliwapelekea karatasi ya kuahidi, dereva mmoja mmoja. Hawatampeperushia bendera abiria asiyestahili. Wa kwanza alikuwa Redio."

"Usiwalaumu," mjomba akasema. "Wana watoto."

"Na mimi nilizaa paka?" Akasimama, akaufunga upya mtandio wake. "Kesho nikitoka zamu, nitasimama mbele ya foleni yao. Redio akinifungulia mlango nitamwuliza mbele ya wote: unambeba nani? Aniambie yeye kwa mdomo wake. Akinyamaza, siingii."

"Na mguu huo?" mke wa mjomba akauliza.

"Na mguu huuhuu."

Alhamisi nilikwenda, nikasimama ng'ambo ya barabara. Alitoka saa kumi. Redio akashuka haraka, akamfungulia mlango, anacheka, "Karibu mama, karibu!" Nilimwona Mama Mvuke akimwuliza. Nilimwona Redio akiangalia chini, kisha akiangalia mlango wa hoteli, kisha usukani. Mama Mvuke akangoja. Akangoja vya kutosha, hakuna atakayesema hakungoja. Kisha akaufunga mlango wa teksi taratibu, akavua kiatu cha mguu uliovimba, akashika njia.

Kutoka pale hadi kwake ni kilomita nne.