Kutoka Jiko la Wakata Manyoya hadi Sare ya Polisi: Hofu ya Raelene Tuckwell

Saa tatu asubuhi joto limeshapanda, na Konstebo Raelene Tuckwell anasimamisha gari la polisi mbele ya lango la shamba. Hashuki. Anazima injini, anateremsha kioo, anatega sikio.

Nzi wanaingia garini. Yeye bado anasikiliza. Kisha kutoka nyuma ya miti, huko nyumba iliko, mbwa mmoja anabweka, wa pili anadakia, na mabega ya Raelene yanashuka.

"Haya," anasema, akijipangusa jasho juu ya mdomo. "Wapo."

Ndipo anashuka kufungua lango.

Kazi ya leo ni ndogo: kukagua kama kabati la chuma la bunduki linafungwa sawasawa, maana kila mwenye leseni hukaguliwa. Haitazidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini tangu Februari, Raelene hafungui lango la shamba lolote la Mullagarra, huku magharibi mwa Queensland, kabla hajasikia mbwa.

"Watu wanadhani polisi wa mashambani anaogopa wezi wa kondoo," anasema. "Wezi! Natamani nimpate mwizi. Mwizi ana haja ya kuishi."

Ana miaka arobaini na saba, na sare hii hajaimaliza mwaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mpishi wa wakata manyoya ya kondoo, akihama na kundi la wanaume kutoka banda hadi banda, akiwaandalia nyama asubuhi, keki saa nne, nyama tena mchana. Hakuna nyumba ya shamba ambayo hajawahi kuazima chumvi.

Ukaja ukame. Majani yalikauka, yakapeperuka, ikabaki ardhi nyekundu. Wenye mashamba wakauza kondoo, na waliokosa mnunuzi wakawapiga risasi.

"Kondoo wakiisha, mkata manyoya hana kazi," anasema. "Na mkata manyoya akiondoka, mimi nampikia nani? Nzi?"

Mwaka wake wa mwisho jikoni alipata wiki tisa tu za kazi. Mumewe, Barry, naye alikuwa mkata manyoya mpaka mgongo ukamkatalia. Raelene akasikia redioni kwamba polisi wanatafuta watu, na kwamba umri si kikwazo. Mshahara wa polisi huingia kila baada ya wiki mbili, mvua inyeshe isinyeshe.

Aliwatangazia wanaume wakati wa chai, sufuria mkononi.

"Rae polisi? Basi mimi askofu!" mmoja alipiga kelele.

"Mama, ukinifunga, pudini ya jela utapika wewe?"

"Wewe Kev nikikufunga ni mkate na maji," alimjibu. "Na mkate wenyewe wa juzi."

Barry hakucheka. Walipofika nyumbani alimwambia, "Utapigwa risasi. Huku kila nyumba ina bunduki, Rae. Kila nyumba."

"Najua. Nimepika kwenye nyumba hizo zote."

"Ulikuwa unaingia na keki," Barry akasema. "Sasa utaingia na pingu."

Katika chuo cha polisi, vijana waliokuwa na umri wa binti yake walimwita Bibi. Walimvuta kwa mikono kwenye mbio, wakamfundisha kompyuta, naye akawafundisha kukaanga yai. Kilichomshinda ni bastola. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha alipiga risasi moja, akaiweka chini polepole, akatapika kwenye majani.

"Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nina mimba," anasema. "Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini hofu haikutoka. Mpaka leo naivaa bastola hii kama mtu aliyebebeshwa nyoka."

Alifaulu, akarudishwa kituo cha kwao, chenye polisi wawili tu: yeye na Sajini Noel Brophy, mtu mrefu, mkavu, ambaye ameishi huku muda wa kutosha kujua nani haongei na nani.

Mwezi wake wa kwanza kituoni alikosea jambo ambalo mtoto wa Mullagarra asingelikosea. Alipelekwa kwa bibi mmoja kumrudishia pochi iliyookotwa dukani. Kwa kuwa alikuwa na sare, na kofia, na alitaka kufanya mambo rasmi, akapanda ngazi za mbele, akagonga mlango wa mbele.

Huku hakuna anayegonga mlango wa mbele. Jirani huingia kwa mlango wa jikoni, akiita kabla hajafika. Mlango wa mbele ni wa jeneza na wa mtu anayeleta habari ya jeneza. Yule bibi alichungulia kupitia kioo, akaiona kofia ya polisi, akaanguka pale pale kabla hajauliza ni yupi kati ya wanawe.

"Nilikuwa nimeshika pochi," Raelene anasema. "Napiga kelele, 'Ni pochi tu, mama! Ni pochi tu!' Nilijiona mimi ndiye kifo, nimevaa viatu vilivyong'arishwa."

Bibi alipona, na siku hizi humtania. Lakini Raelene hajapanda ngazi za mbele tena.

Februari, siku ya Jumanne, Sajini Brophy alikuwa mahakamani mji wa pili. Simu ya kituo ikalia. Alikuwa Glenys Penhale, anayelima na kufuga na mumewe, Doug, upande wa kaskazini. Raelene aliwapikia wakata manyoya wa Doug kila mwaka mpaka kondoo walipokwisha.

"Rae, uko peke yako hapo?"

"Peke yangu. Kuna nini, Glen?"

"Niko mjini, kwa msusi. Doug kaniambia nije nitengeneze nywele. Tena nisiharakishe, nile na chakula cha mchana huku huku." Glenys akashusha sauti. "Nimeolewa naye miaka thelathini na tano, Rae. Hajawahi kujua kama nina nywele."

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema. Alinibusu mlangoni. Usimwambie nimepiga simu."

Raelene alimwita Sajini kwa redio ya upepo. Jibu likaja haraka: angoje, yeye yuko njiani, atafika baada ya saa moja na nusu. "Usiingie pale peke yako. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Sajini," Raelene akasema. Alikuwa ameshawasha gari.

Langoni kwa Penhale kulikuwa kimya. Doug alikuwa na mbwa watatu wa kuchungia, mbwa wenye fujo ambao hata upepo waliubwekea. Raelene akapita, akafika kwenye vibanda vyao. Minyororo ilikuwa imelala chini, mitupu. Mabakuli ya maji yalikuwa yameoshwa na kufunikwa kifudifudi, moja, la pili, la tatu, kama vyombo vya mtu anayehama.

Watu wa huku wanajua maana yake. Mwenye shamba aliyeamua kuondoka duniani hawaachi mbwa wake wafe kiu kwenye minyororo. Huwamaliza kwanza, au huwagawa.

"Niliyahesabu mabakuli tena," anasema. "Nikaita, 'Doug!' Niliwaita wanaume kula kwa miaka ishirini, nilisikika maili nzima. Siku ile sauti ilitoka kama ya kifaranga."

Halafu bunduki ikalia nyuma ya banda.

Anasimulia haya kituoni, baada ya ukaguzi wa asubuhi, na hapa anashika ukingo wa meza.

"Nikajua nimechelewa. Nikaanza kumfikiria Glenys, na hizo nywele. Halafu ikalia mara ya pili, na hiyo ndiyo iliyonipa miguu. Mtu hajipigi mara mbili."

Alizunguka banda, mkono kwenye bastola bila mwenyewe kujua. Doug alikuwa ndani ya zizi, mzee mwenye mabega mapana na kofia iliyochakaa. Mbele yake kulikuwa na shimo lililochimbwa kwa trekta, na ndani yake kondoo majike wa mwisho, mbavu nje. Bunduki ilikuwa mkononi. Kati yake na Raelene ulikuwapo uzio wa mabomba, urefu wa kifua.

"Umekuja kunipiga risasi, Rae?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Na mkono kwenye bastola. Hiyo ndiyo salamu ya siku hizi?"

Raelene akautoa mkono. "Hata mti siwezi kuulenga, Doug. Unajua."

"Najua. Barry alinihadithia ulivyotapika." Akakaribia kutabasamu, kisha uso ukajifunga. "Nani kakuita?"

"Nakagua makabati ya bunduki."

"Kabati liko nyumbani. Mimi niko hapa."

"Mbwa wako wapi?"

Doug aliangalia shimo. "Hawa wamekwisha," akasema. "Nenda nyumbani, mama. Imebaki kazi kidogo tu."

Aliyasema taratibu, kama mtu anayemwambia mpishi kwamba ameshiba. Raelene anasema kwamba katika maisha yake hajasikia maneno yaliyomwogopesha zaidi.

Chuoni alifundishwa kujificha nyuma ya gari na kutoa amri kwa sauti kubwa. Gari lilikuwa mbali, na amri hakuwa nayo. Alikuwa na miguu miwili iliyokuwa ikitetemeka mpaka funguo zinalia mfukoni.

"Siwezi kwenda," akamwambia. "Miguu imekataa. Nitaanguka, Doug. Njoo unishike."

Doug aliitazama ile miguu, kisha akaja.

Alipofika kwenye uzio alifanya kile ambacho kila mtu wa huku hufanya. Hakuna anayepanda uzio na bunduki yenye risasi. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kusoma. Unafungua, unatoa risasi, unampa bunduki mwenzako aliye upande wa pili, ndipo unapanda. Doug mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo Tahnee, binti wa Raelene, kwenye mabomba hayo hayo. Alifungua, akamwaga risasi kiganjani, akazitia mfukoni, akapitisha bunduki juu ya uzio, kitako mbele, kama mtu mwenye adabu zake. Raelene akaipokea.

Doug alikuwa ameketi juu ya bomba, mguu mmoja huku, mmoja kule, alipotambua alichokifanya.

"Rudisha."

"Hapana."

"Raelene. Nipe bunduki yangu."

"Hapana, Doug."

"Umenichezea," akasema. "Umenichezea kwenye uzio wangu mwenyewe." Na akaanza kulia, juu pale pale, bila kushuka upande wowote.

Hivyo ndivyo Sajini Brophy alivyowakuta: mzee juu ya bomba kwenye jua, na konstebo amekumbatia bunduki kwa mikono yote miwili, akizungumza naye habari za mvua ya mwaka ule mto ulipojaa, na za keki ya limau iliyoungua, na chochote kilichomjia kinywani.

"Nilijikojolea," Raelene anasema. "Andikeni na hilo. Vijana wanaotaka kujiunga wajue."

Je, alipanga? "Nusu. Miguu ilitetemeka kweli. Lakini nilijua akipanda atafanya nini. Nilijua, na nikamwita."

Mbwa walipatikana hai kwa jirani. Doug alikuwa amewapeleka siku iliyotangulia, akasema anasafiri kwenda pwani. Sajini alimfokea Raelene kwa kuingia peke yake, akamfokea mpaka mishipa ikamsimama, kisha akamnunulia pai na kukaa naye mpaka akaimaliza. Doug alipelekwa hospitali ya pwani. Bunduki zake zote zimefungiwa kituoni.

Si wote wanaompongeza. Dukani, ndugu yake Doug humgeuzia mgongo. Kuna wanaosema alimwaibisha mzee wa watu. Kinachomnyima raha zaidi ni wale wanaosema kwa kunong'ona kwamba Rae akija kunywa chai, ficha uso wako, maana atakusoma na kubeba bunduki zako.

"Zamani walinieleza kila kitu, nikiwa nakoroga mchuzi," anasema. "Sasa wananiambia wako salama. Wote wako salama! Nchi nzima imekauka, na hakuna hata mmoja mwenye shida."

Glenys ndiye aliyetaka habari hii iandikwe, na majina yawekwe. "Labda mke mwingine atapiga simu," anasema. "Mimi nilikaribia kutopiga. Niliona aibu, eti kwa ajili ya busu."

Doug, alipoulizwa kwa simu, alikubali kwa sentensi moja. "Andika," alisema, "lakini andika kwamba alinidanganya."

Anarudi nyumbani Ijumaa. Daktari atatoa maoni yake, na siku moja Doug ataomba bunduki zake. Raelene naye ataulizwa, kwa kuwa ndiye aliyezichukua, na hajui atajibu nini. Shamba bila bunduki si shamba, anajua. Pia anajua kwamba bunduki ni njia moja tu ya kuondoka. Kila simu ya kituo inapolia, moyo wake humtangulia kuipokea.

Kipindi chake cha majaribio kinakwisha mwezi ujao. Ana haki ya kuomba kituo cha pwani, na Barry angependa. Huko kuna hospitali kwa ajili ya mgongo wake, na polisi wenzake wako dakika chache tu. Fomu ya uhamisho Sajini amempa. Yeye ameirudisha bila kuandika kitu.

Ijumaa jioni atakwenda kwa Penhale. Ataita kutoka uani, aingie kwa mlango wa jikoni, na kama Doug atakataa kumwona, atakaa na Glenys anywe chai, kisha atarudi wiki inayofuata, na inayofuata.

"Hatanisamehe," anasema. "Namjua. Sawa. Anichukie akiwa na miaka sabini. Anichukie akiwa na themanini, ameshika mkongojo, akiniona dukani anageuza uso. Mimi nitakuwa nimestaafu, na kila atakapogeuza uso nitakwenda nyumbani nimefurahi."

Simu mezani inaanza kulia. Raelene anaitazama, anavuta pumzi, anaipokea.