Nilijitangaza mlevi kwenye kikao cha harusi ya watu, Mahoko

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri, shikamooni.

Nayoandika hapa hayana chumvi. Ningekuwa mtu wa kuongeza, ningejiongezea heshima.

Mimi ni graduate, sina kazi, naishi na mama hapa Gisenyi, Rwanda. Tulirudi kutoka Karagwe, Tanzania, nikiwa mdogo.

Pombe niliianza kama dawa ya interview. Mimi huwaza kupita kiasi: nikiulizwa jina, nawaza kwanza kwa nini wameuliza. Bia moja ikanituliza. Baadaye interview zikakauka, dawa ikabaki.

Ikafika mahali mama ananinusa kabla ya kunisalimia. Baba alimalizwa na chupa hiyohiyo. Siku moja mama akaniambia, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, machozi ya kulia mara mbili kwa sababu ileile sina."

Nikaenda kwa nesi mmoja. Akaniambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, hukutana Jumamosi mchana Mahoko, chumba cha nyuma ya ukumbi ulio karibu na soko. Cha mjini kipo pia. Nikakikataa. Mimi nikipiga chafya hapa mjini, shangazi yangu wa Goma anapiga simu kunipa pole.

Sasa hapo ndipo akili ya chuo ilipoingia kazini.

Motari, yaani bodaboda wa huku, ataniuliza naenda wapi. Nikimwambia ukweli, naye atamwambia nani? Nikaandaa uongo mapema: naenda kikao cha harusi, ukumbi wa karibu na soko la Mahoko. Huku kila wikendi kuna watu wamekaa mahali wanapanga harusi, nani atashangaa?

Motari akafurahi. "Kumbe uko wa ile harusi! Mi najua fasi iko." Akanishusha mlangoni kabisa.

Mlango wa mbele wa ukumbi. Si wa nyuma.

Mtu wa kawaida angeuliza. Mimi nikawaza: kuuliza ni kujitangaza. Nikachungulia. Viti vya plastiki vimepangwa duara, watu wazima wametulia, mmoja mmoja anasimama na kutaja jina lake. Nikasema ndio wenyewe, nikakaa.

Kwenye kona palikuwa na kreti ya bia. Wakuu, sikushtuka. Nilijiambia: huo ni mtihani, hawa ni wataalamu.

Zamu yangu ikafika. Mzee mwenye kofia aliyekuwa anaongoza akaniuliza, "Na we, mutoto, uko upande wa bwana ao wa bibi?"

Nikaona hilo ni swali la kupima kama nimelewa. Nikasimama, nikataja jina, nikatoa sentensi niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo:

"Pombe imenishinda. Naomba mnisaidie."

Nje huko mbuzi akalia.

Mzee akatazama kreti, akanitazama mimi. "Imekushinda namna gani, na kreti hata hatujaifungula?"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Huyu ni wa kwa bwana!" mama mmoja wa upande wa bibi akadakia. "Nilisema ile familia iko na shida!"

"Ayii, si wetu! Ni wenu huyo!" wakajibu wa upande wa bwana.

Nimewahi kukataliwa na waajiri wengi, lakini kukataliwa na familia mbili kwa mpigo ilikuwa mara ya kwanza. Na niseme ukweli: nilikuwa nimeshaanza kuwaza baa ya kwanza nitakayoikuta nikitoka. Tena nilijua nikiingia pale, kikundi sitakitafuta tena.

Ndipo akasimama mama mwingine, shangazi wa bwana harusi. Nitamwita Mama Furaha.

"Muache kucheka," akasema. "Kila kikao munanipa kazi ya vinywaji, mi nawaambia goti inauma. Goti iko muzima. Ni pombe ndiyo naogopa. Niko mu kikundi, pale nyuma. Jumamosi nikiwaambia naenda soko, naendaka kule."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee, kumbe ni kaka yake, akavua kofia. "Dada," akasema polepole, "si ungesema tu."

Mama Furaha akanishika mkono. "Twende, mwanangu. Tumechelewa."

Chumba cha nyuma kilikuwa na watu wachache na thermos ya chai. Nilipoombwa kujitambulisha, nikakosa neno. Sentensi yangu nilikuwa nimeshaitumia.

"Muache apumuzike," Mama Furaha akawaambia. "Huyu ameshasema mbele ya wakwe zetu wote."

Tangu siku hiyo naenda. Niliteleza mara moja, nikarudi nikiwa nimetunga maelezo marefu ya kisomi. Hakuna aliyeyataka. Wakanimiminia chai.

Harusi ilifanyika. Mimi na Mama Furaha tulikabidhiwa meza ya Fanta, maana huku soda zote ni Fanta. Nilimwalika na mama. Alipofika mezani kwangu nikabana pumzi, nikingoja aninuse.

Akanisalimia.

Nilichojifunza, wakuu: nilipanga njia nzima ili nisionekane, na kilichonisaidia ni kuonekana. Kama unasubiri upate kikundi kisicho na mtu anayekujua, utasubiri ukiwa baa.

Mliofanikiwa kuacha, nielezeni: harusi na misiba mnaipitaje bila kuonja? Na wanaotaka kucheka wacheke tu. Hamtawazidi wale.